Ng'ombe Aliyepita Mbali na Chai

Kedowa,
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada yangu Wanjuhi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku tuko kama gunia la viazi ambalo halijafunguliwa: kwa nje hakuna shida, ya ndani Mungu anajua. Wanjiru mke wangu anakusalimu sana. Mwanetu Ryan amefika kidato cha pili na miguu yake imefika namba kumi, sasa amerithi gumbuti zangu nami nimebaki na sandali. Mvua bado. Majani ya chai yamepungua, kiwandani tunafunga kazi saa nane.

Najua umeshangaa kukuta barua ndani ya gunia la viazi. Dada, ningefanya nini? Tangu sherehe ya Januari umenibloki. Nikaazima simu ya Wanjiru: ukapokea, ukasikia sauti yangu, ukakata. Nikaazima ya mchungaji: ukasema "Bwana asifiwe", nikavuta pumzi niseme "Amina", ukakata. Kumkatia mtu Amina mdomoni! Ndiyo maana nimempa barua hii Bosire, dereva wetu wa viazi, aiteremshe pamoja na gunia hapo hotelini kwako.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Maitu ameacha chai.

Umesoma vizuri. Mama yetu, Wangeci mzima wa Chepseon, aliyetulea kwa chai, aliyekuwa akisema mtu asiyekunywa chai apelekwe hospitali, sasa anakunywa maji moto. Mwezi mzima. Jirani yake Chepkosgei anamletea maziwa kila asubuhi kama kawaida, na Maitu anampa paka. Paka amenenepa mpaka hapiti tena dirishani. Mbaya zaidi, akina mama wa maombi walipofika kwake Alhamisi, Maitu aliingia kitandani saa nne asubuhi akasema waambiwe amelala. Yeye, ambaye mgeni akikataa kikombe cha pili alikuwa akimfuata nacho mpaka langoni!

Mimi najua sababu. Anagoma kwa ajili yetu. Tangu ile siku ya shukrani ya miaka yake themanini, wewe na mimi hatuongei, na kwa nini? Kwa sababu ya mzaha mdogo. Nilikuwa nimeshika maiki, nikaonja chai, nikasema: "Ndugu zangu, kwa hii chai ng'ombe alipita mbali, akasalimia na mkia!" Watu wakacheka. Hata mchungaji alicheka. Wewe ukainuka, ukasema "Nimepika mimi," ukaninyang'anya kikombe, na jioni ukaondoka bila kwaheri. Dada, mtu mwenye hoteli hajazoea kuambiwa chai ina maji?

Lakini sikuja kulaumu. Kiwanda kilinipeleka kozi ya siku mbili ya upatanishi, Kericho mjini, na nimepata cheti. Nimekitundika sebuleni juu ya televisheni. Sasa mimi ni mpatanishi kamili. Kanuni ni tatu: msikilize mwenzako mpaka mwisho; usiseme "wewe umekosa", sema "mimi nimeumia"; na kabla ya kujibu, rudia maneno ya mwenzako ili ajue umesikia. Nimekutumia fomu ya malalamiko. Ijaze kwa ukweli.

Ni mimi kaka yako, asiye na upande wowote,
Kimotho


Longisa,
Jumapili, 23 Februari 2025

Kaka Kimotho,

Salamu zimefika. Huku tuko salama. Hoteli inaendelea. Jina lake, Pona Haraka, limeanza kunisumbua, maana wateja wangu ni watu waliokuja kuona wagonjwa kule hospitalini, na mgonjwa akipona haraka mimi napoteza mteja. Naomba Mungu awaponye tu, mimi nitakula hasara yangu kwa imani. Msalimu Wanjiru. Mwambie nampenda na namwonea huruma.

Gunia limefika pia. Viazi vya juu ni vikubwa kama ngumi, vya chini ni vidogo kama gololi. Hapo nikajua ni wewe uliyepakia kwa mkono wako.

Fomu yako nimeijaza, iko hapa nyuma. Kwa vile najua hutaigeuza, nakuandikia tena.

Jina la mlalamishi: Unalijua.
Aina ya mgogoro: Kaka.
Mgogoro ulianza lini: Nilipozaliwa nikamkuta.
Mashahidi: Wageni mia moja na ishirini, na mchungaji, ambaye naye nina neno naye.
Ungependa nini kifanyike: Maiki zote za kanisa zifichwe.

Kuhusu ile chai, nilisema nimepika mimi, na nitasema hivyo mpaka nizikwe. Usiniulize zaidi. Na usiende kumsumbua Maitu na fomu zako. Mpe uji wa wimbi. Mtu yeyote asimsukumie kikombe cha chai. Nimesema.

Dada yako,
Wanjuhi


Kedowa,
Jumapili, 16 Machi 2025

Dada mpendwa,

Tumshukuru Mungu kwa mvua. Imenyesha siku tatu mfululizo na majani yameamka. Ng'ombe wetu mweusi amezaa ndama jike. Ryan amevunja kiti kwa kukikalia tu. Wanjiru anasema asante kwa salamu, ila hakuelewa sehemu ya huruma. Nami sikumfafanulia.

Nimesoma fomu yako na sikukasirika, kwa kuwa mpatanishi hakasiriki. Nilitembea tu mpaka kwenye zizi na kurudi, mara nne.

Acha nikupe ushuhuda wa kazi hii ya amani. Pale ofisini kwetu kuna Alexander, muonjaji chai wa kiwanda. Unamjua, alikuja kwenye sherehe ya Maitu, na akipita Longisa hula kwako. Kazi ya muonjaji ni kuvuta chai kwa kijiko na kelele, fyuuup, kisha ateme. Anaonja vikombe hamsini kwa siku. Sasa karani mwenzangu Gibson alileta malalamiko rasmi: kwamba Alexander amezoea, hata maji anayavuta fyuuup, hata githeri ya mahindi na maharagwe. Gibson alisema, "Mimi naenda nyumbani, nalala, bado nasikia huyu mtu kwa masikio yangu."

Nikawaketisha. Nikamwambia Gibson arudie alichosema mwenzake. Alexander hakuwa amesema kitu, alikuwa amevuta chai tu, basi Gibson akarudia: fyuuup. Alexander akamtazama akasema, "Wewe, hiyo ni safi kabisa. Rudia tena." Akarudia. Meneja akapita, akasikia, na sasa Gibson anafundishwa uonjaji. Wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Wanavuta wote wawili kuanzia saa mbili asubuhi. Mimi nimehamishia meza yangu kwenye ujia, karibu na choo, lakini amani imepatikana.

Kwa Maitu mambo bado. Nilimfanyia kikao. Niliweka kiti kitupu mbele yake nikasema, "Maitu, hapa ameketi Wanjuhi, mwambie unavyoumia." Akanitazama kama mtu anayepima kama nina homa. Kisha akamnyanyua paka, akamweka kwenye kiti. Paka akalala. Kikao kikaisha hivyo.

Dada, tuwe watu wazima. Ungekubali tu kwamba siku ile mkono wako uliteleza, maji yakazidi, mimi ningesema yamekwisha, Maitu angefurahi, na chai ingerudi. Ni neno moja tu. Kosa ni la kawaida, hata wewe si malaika.

Kaka yako mpenda amani,
Kimotho


Longisa,
30 Machi 2025

Kimotho,

Viazi vimefika.

Wanjuhi


Kedowa,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Wanjuhi dada yangu,

Heri ya Pasaka. Sisi tuko. Ryan yuko. Ndama yuko.

Barua yako ya maneno mawili niliisoma mara nyingi kuliko barua ndefu. Wanjiru aliichukua akaisoma, akanirudishia, akasema, "Hapo ulitaka akujibu nini?" Nikaenda zizini.

Leo sina ushuhuda. Ijumaa nilikwenda Chepseon baada ya ibada. Nilimkuta Maitu amepanga vile vikombe vyake vya maua, vya wageni, ndani ya katoni, amevifunga kwa gazeti kimoja kimoja. Nikamuuliza anahama? Akasema, "Vichukue, umpelekee Wanjiru. Mimi sina kazi navyo." Chepkosgei ananiambia akina mama wa maombi wamemruka zamu, siyo kwa ubaya, wanaogopa kumsumbua. Mlango wake unafungwa mchana. Daktari amempima kila kitu akasema moyo ni mzima na presha ni ya msichana.

Naogopa, dada. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu huoni uso wangu. Mtu wa miaka themanini akianza kugawa vikombe, anamaanisha nini? Vikombe nilivirudisha kabatini, akavitoa tena. Njoo. Kama hutaki kuniona, niambie siku, mimi nitakuwa kiwandani.

Kimotho

Nimeweka fomu nyingine, si kwa ubaya. Zilibaki nyingi.


Longisa,
Jumapili, 25 Mei 2025

Kaka,

Nakusalimu, na familia yote. Usidhani nilinyamaza. Barua yako ya Pasaka imenifikia juzi. Bosire aliteremsha gunia langu kwenye shule moja ya bweni huko njiani, akaniletea la kwao la kabichi. Mpishi wa shule akaikuta barua, akaisoma yote, akaona fomu, akaijaza. Ameniletea mwenyewe akiomba msamaha. Nimekuambatishia. Analalamika kwamba mwalimu mkuu humwita "wewe wa maharagwe", na anataka kujua mpatanishi atafika lini. Hiyo ni kesi yako, mjibu mtu wa watu.

Nacheka, lakini kile kipande cha vikombe nilikisoma nimesimama, nikaketi chini.

Nitakuambia jambo ambalo sikutaka kukuambia, maana utalitundika kando ya cheti. Hapa hotelini nina Nyamwange, mpishi wa chapati, na Zack, anayehudumia meza. Hawakuongea wiki tatu. Walitumia wateja. Zack alimwambia mzee aliyekuja kumwona mkewe mgonjwa, "Mzee, mwambie huyo wa chapati nataka mbili." Mzee wa watu anainuka anaenda jikoni, anarudi: "Anasema ungoje." Siku moja mteja alipeleka ujumbe mara nane, chai yake ikapoa, akasema yeye alikuja kula, hakuja kuwa posta. Nilichoka nikawaketisha, nikashika mwiko, nikawaambia kila mmoja arudie maneno ya mwenzake, na anayeongeza lake namchapa. Nyamwange ikabidi aseme, "Zack anasema niliwaambia wateja anaiba nyama." Alipojisikia kwa mdomo wake mwenyewe akakuna kichwa. Kisha akasema, "Ehe, hiyo ni mbaya." Ikaisha hapo hapo.

Kanuni yako ni nzuri, Kimotho. Wewe tu ndiye hujawahi kuitumia.

Kuja, siwezi kuja bado. Nikija, Maitu ataona usoni mwangu kwamba neno bado ninalo, nawe bado hulijui, na tutaketi pale watatu tukitazamana. Sitafafanua. Vikombe usivichukue.

Wanjuhi


Kedowa,
Jumatano, 4 Juni 2025

Dada,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Wote wazima.

Naandikia mezani kwangu kwenye ujia. Jana Alexander alikuja akasimama hapa, akafunga mlango wa choo ili tuongee faraghani. Akasema, "Karani, kuna neno nimekaa nalo. Mimi kazi yangu ni ulimi. Ile chai ya shukrani haikupikwa na sister yako."

Nikamwambia alisema mwenyewe mbele ya watu wote. Akasema, "Alisema. Lakini mimi nakunywa chai ya Pona Haraka kila mwezi. Yeye huchemsha maziwa kwanza. Ile ilianza na maji. Tena maji yalitiwa mara mbili, ya pili yakiwa baridi, majani yakafa. Na ilikuwa na chumvi. Kidogo tu, kwa ncha ya vidole."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hii. Unajua alinijibu nini? "Ulikuwa na maiki."

Wanjuhi, katika Kericho na Bomet yote namjua mtu mmoja tu anayetia chumvi kwenye chai. Nililelewa na chumvi hiyo. Niliionja siku ile mbele ya watu mia moja na ishirini, na ulimi wangu haukuitambua kwa sababu ulikuwa unatafuta la kuchekesha.

Nakuuliza, ni nani alipika ile chai? Sina haja ya jibu. Nahisi kuna mtu ulimwahidi kwamba hutasema. Ukininyima jibu, nitakuwa nimejibiwa.

Kimotho


Longisa,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Kuhusu swali lako, huku mvua imenyesha vizuri sana. Mahindi yamefika kiunoni.

Mimi ahadi sivunji. Lakini hakuna mtu aliyenikataza kusimulia habari za mama mmoja ambaye simtaji, wa mahali ambapo sipataji. Huyo mama alifikisha miaka themanini. Siku ya sherehe yake aliamka kabla ya jogoo, akamfukuza kila mtu jikoni, hata binti yake mwenye hoteli. Akasema wageni wake hawajawahi kunywa chai ya mkono mwingine na hawataanza leo. Akatia maji kwenye sufuria kubwa. Akaenda kutafuta kitambaa cha kichwa. Akarudi, akasahau, akatia maji tena. Binti alipoonja, wageni walikuwa wamekwisha kukaa, na kaka wa huyo binti alikuwa anapuliza maiki: "Moja, mbili, inasikika?"

Ilisikika, Kimotho. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama pale ameshika kijaluba cha chumvi. Alisikia habari za mkia, akasikia vicheko vyote mpaka cha mchungaji. Binti akakimbia nje akasema lile alilosema.

Aliporudi jikoni, yule mama alimshika mkono akasema, "Usimwambie. Akijua ni mimi, atajilaumu mpaka afe. Unamjua alivyo." Kisha akasema, "Mkono wangu umekwisha." Ndiyo siku aliyoacha.

Sasa umeelewa kwa nini niliondoka jioni ile. Ningebaki ningekupiga na sufuria, na ile ni ya kanisa. Hasira yangu si ya chai, kaka. Mama anaumia na bado anakuhurumia wewe, na wewe unaniletea fomu!

Sikiliza, na urudie maneno haya kichwani kabla hujafanya lolote. Usiende kwa mchungaji. Usisimame kanisani kuomba msamaha hadharani. Usimpeleke mtu yeyote. Na ukishika maiki, mimi si dada yako tena.

Wanjuhi


Kedowa,
Jumapili, 15 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Wanjuhi,

Nakusalimu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nakusalimu nikiwa mzima kweli, ndani na nje. Wanjiru anakusalimu. Ryan anauliza kama hoteli yako ina viti vya chuma.

Naanza kwa kurudia maneno yako. Ulisema nilikicheka kikombe kabla ya kuuliza ni mkono wa nani. Ulisema uliubeba mzigo wangu miezi mitano, nami nikakutaka ukiri kosa ambalo si lako. Ulisema kanuni naijua na sijawahi kuitumia. Nimesikia. Nimekukosea, Wanjuhi. Mkono wako haukuteleza, ni mdomo wangu. Nisamehe.

Jana nilikwenda Chepseon peke yangu. Sikubeba fomu. Maitu alikuwa uani, mlango umefungwa nyuma yake. Nikamwambia, "Maitu, leo nakupikia chai mimi." Akasema hataki chai. Nikasema si lazima anywe, atazame tu.

Dada, sijawahi kupika chai tangu nizaliwe. Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha chai miaka kumi na tisa, nimepima majani yanayoweza kujaza ziwa, na sikujua kinatangulia kipi. Nilitia majani kwenye sufuria kavu. Yakaanza kuungua. Nikatia maziwa, yakafurika, yakazima moto. Nikawasha tena, nikatia maji ili kusawazisha, nikatia sukari, nikakumbuka chumvi nikatia kijiko kizima. Nikamimina kwenye kikombe cha maua. Ilikuwa na rangi ya matope ya barabara yetu.

Maitu alikichukua kwa adabu ya mgeni. Akavuta kidogo. Kisha akasema, "Kwa hii, ng'ombe hakupita kabisa. Hata barua hakutuma."

Akacheka, Wanjuhi. Alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Chepkosgei alichungulia juu ya ua kuuliza kuna nini, Maitu akamwita aje aonje, akaonja, akatema kwenye sukuma wiki, akasema, "Kimotho, wewe ni mtu mzuri, lakini rudi kiwanda."

Ndipo Maitu akaninyang'anya sufuria, akaisugua kwa majivu, akasema nitoke njiani. Nikamwambia, "Maitu, mimi ni karani, wacha nihesabu tu." Akatia kibuyu cha maji. Nikasema, "Moja." Cha pili. "Mbili." Akafunika, akageuka kutafuta kiberiti, akaangalia huku na huku, akarudi akanyanyua kibuyu cha tatu. Nikasema polepole, "Maji tumemaliza, Maitu."

Alisimama hivyo na kibuyu hewani. Akaniuliza, "Nani alikuambia?"

Nikasema, "Chumvi."

Akaweka kibuyu chini. Nikamwambia anisamehe. Alingoja chai ichemke, akatia chumvi kwa ncha ya vidole, akanimiminia mimi kwanza, akasema, "Kunywa kabla haijapoa." Kisha akajimiminia chake. Alikunywa viwili. Nilihesabu.

Alhamisi akina mama wa maombi wanakuja. Chepkosgei amesema atakuwa akipita asubuhi "kuleta maziwa", na atakaa mpaka maji yaingie sufuriani. Tumekubaliana hakuna atakayelisema kwa sauti. Vikombe vimerudi kabatini. Aliyebaki na mgogoro ni paka. Hajapata maziwa tangu jana, amekaa kwenye kile kiti cha kikao na anatutazama vibaya. Kesi hiyo siichukui.

Kaka yako aliyekosa,
Kimotho


Longisa,
Jumapili, 22 Juni 2025

Kaka Kimotho,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Nyamwange, kwa Zack, na kwa yule mpishi wa shule, ambaye sasa anakuja kunywa chai kila Jumamosi na kuuliza kesi yake imefika wapi. Mjibu, tafadhali. Viti vyangu ni vya mbao, Ryan akija atakaa chini.

Barua yako ilikuwa juu ya gunia. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikarudi kazini. Alhamisi usiku nilimpigia Maitu. Alisema hawezi kuongea sana, amechoka, amekuwa na wageni kumi na wanne, na mmoja wao alikataa kikombe cha pili na ilibidi amfuate mpaka langoni.

Jana Nyamwange alitaka viazi vya mwisho vya kuchemsha. Nikaenda mwenyewe, nikainamisha gunia, nikamwaga vya chini. Vyote vilikuwa vikubwa, Kimotho. Mpaka cha mwisho kabisa, cha kwenye kona ya gunia, ambapo hakuna mtu anayetazama. Niliketi pale sakafuni nikalia. Zack aliingia akauliza ni vitunguu, nikasema ni vitunguu. Hatukuwa na kitunguu hata kimoja humo ndani.

Nakuja Chepseon mwisho wa mwezi. Uwepo. Usiende kiwandani.

Simu yako nimeifungua tangu jana. Lakini usinipigie. Kwenye simu unaongea. Kwenye barua unanisikiliza mpaka mwisho.

Dada yako,
Wanjuhi